Chombo cha kupumua kikitoka kwa fundi, kipimwe kwanza

Wandugu wachimbaji, na nyinyi mama wenye mabwana na watoto wako kwenye kazi hii, leo tunataka kuzungumzia chombo kimoja kidogo ambacho wengi hapa Nyunzu hawakijui, lakini vijana wetu wanaotoka kwenda kutafuta mali mtoni wanakijua sana. Ni kile cha mdomoni kinachomgawia hewa mtu aliye chini ya maji. Wafundi wanakiita detandere. Neno letu ni moja tu: detandere iliyotoka kwa fundi si nzima mpaka yule atakayepumua nayo aipime mwenyewe, na siku ya kuipima ihesabiwe kuwa siku ya kazi.

Hapa kwetu kazi kubwa ni koltani na kasiterite, kwenye karie kama za Kisengo na Mai Baridi. Lakini karie ikikauka, ama bei ikianguka, kijana hakai nyumbani na kufunga mikono. Wengine wanakwenda kwenye zahabu ya mto Ulindi, kule Shabunda. Wengine wanafika mpaka Tshikapa, katika Kasaï, kutafuta almasi. Kule kuna dragi, na chini ya dragi kuna wazamiaji, wale tunawaita plonjere. Mashine inakaa juu, mtu anashuka chini kushika tiyo inayonyonya mchanga. Hewa yake inatoka kwenye kompresere na kupita ndani ya mpira mrefu. Wengine wanauma mpira ule mtupu kwa meno. Wenye bahati wanapata detandere ya okazio mwisho wa mpira. Ndiyo maana jambo hili ni letu pia, hata kama mto uko mbali na nyumba zetu.

Tena chombo hiki kilizaliwa kwa ajili ya mine. Mwaka 1860, Benoît Rouquayrol, injenia wa mine katika Aveyron kule Ufaransa, alitengeneza chombo cha kugawa hewa ili mtu aweze kupumua ndani ya mine yenye hewa mbaya na kuokoa wenzake. Mwaka 1864 yeye pamoja na Auguste Denayrouze, ofisa wa jeshi la majini, wakakipeleka majini. Chombo cha siku hizi kinachotumia chupa ya hewa kilitoka kwa Jacques-Yves Cousteau na Émile Gagnan mwaka 1943. Kwa hiyo mchimbaji asione aibu kuuliza habari za chombo hiki, akadhani ni mambo ya watalii. Kilianza na watu wa kazi yake.

Sasa tuje kwenye shida yenyewe. Detandere ikianza kuvuja ama kuwa ngumu kuvuta, PDG anaituma mjini kwa fundi. Inarudi imesafishwa, inang'aa, na faktire juu. PDG anasema: "Iko muzuri, fundi ameshatengeneza, shuka!" Kijana anashuka. Akifika chini, chombo kinaanza kumwaga hewa chenyewe bila kukoma, ama kinamletea maji mdomoni kila akivuta, ama kinakuwa kigumu mpaka kifua kinachoka. Tumesikia haya kwa vijana zaidi ya mmoja, na kila mara neno la kwanza walilojibiwa ni hili: "Haiwezekani, imetoka kwa fundi juzi tu."

Inawezekana sana, na sababu zake zinajulikana.

Ya kwanza: vipande vipya havijazoea. Ndani ya detandere kuna kipande laini cha mpira ama plastiki kinachoziba tundu lenye ncha ya chuma. Kikiwa kipya, ncha ile inaendelea kukiingia kidogo kidogo wakati wa saa za kwanza za kazi, mpaka iweke alama yake. Alama ikishaingia, mpangilio ambao fundi aliuweka unabadilika, na hewa inaanza kuvuja polepole. Hiyo haina maana kwamba fundi ni mwizi. Fundi mzuri anakuambia tangu mwanzo: tumia mara chache, kisha unirudishie nikaze upya.

Ya pili: kile kilichofunguliwa kinaweza kurudishwa vibaya. Ndani kuna mpira mpana mwembamba unaosikia pumzi yako, na klape ndogo ya kutoa hewa uliyokwisha kuipumua. Mpira ule ukikaa umekunjwa upande mmoja, ama klape ikibanwa na chembe ya mchanga, maji yanaingia. Juu ya meza ya fundi hakuna maji, basi hakuna aliyeona.

Ya tatu: presio ya kupimia si presio ya kazini. Detandere nyingi za mdomoni zimetengenezwa zipokee hewa yenye presio ya bari 9 ama 10 hivi. Fundi anaipima kwa chupa, inakwenda sawasawa. Wewe unaifunga kwenye kompresere ndogo ya kando ya mto yenye presio ya chini kuliko hiyo: inakuwa ngumu kuvuta. Na kama fundi aliilegeza ili ikubali kompresere ndogo, siku ukiifunga kwenye chupa itamwaga hewa yote. Fundi lazima aambiwe chombo kitafungwa kwenye nini. Mara nyingi anayekipeleka mjini ni mtu wa pikipiki, na hajui kitu.

Ya ine: vipande vya kuokoteza. Kila aina ya detandere iko na vipande vyake. Duara la mpira linalofanana kwa macho linaweza kuwa jembamba kidogo kuliko lile lililotoka, na unene huo mdogo ndio unaoziba ama unaoachia.

Kwa hiyo kabla ya mtu kushuka, tunaomba mambo haya yafanywe, kwa utaratibu huu.

Fundi arudishe vipande vya zamani ndani ya mfuko, na aandike kwenye karatasi: tarehe, vipande alivyobadilisha, na presio aliyopima. Asiyeweza kuandika amwambie mwingine amwandikie. Chombo kisicho na karatasi kirudi.

Kisha, kabla ya kukifunga kwenye hewa, ziba kwa kidole pale mpira unapoingia na uvute kwa mdomo. Usipate kitu. Ukipata hewa, ujue kuna mahali palipo wazi, na pale hewa inapopita ndipo maji yatapita.

Funga hewa, sikiliza. Weka chombo chote pamoja na viungo vya mpira ndani ya beseni la maji, angalia mapovu. Povu moja lililokwama pembeni si shida. Mapovu yanayofuatana kama shanga ni shida.

Kwa wale wanaotumia chupa, kuna kipande cha kwanza kinachokaa juu ya chupa. Kazi yake ni kushusha presio kubwa, ambayo inaweza kufika bari 200, mpaka ile ndogo inayokwenda mdomoni. Fundi awe na saa ya presio ya kupima ile ndogo. Vuta pumzi mara kumi huku ukiangalia mshale: unashuka kidogo ukivuta, unarudi, unasimama. Ukiona mshale unapanda polepole bila kusimama, ujue kipande cha kwanza hakifungi, na baada ya muda cha mdomoni kitaanza kumwaga. Usiondoke pale. Acha chombo chini ya presio robo saa, kisha uangalie tena, kwa maana kosa la namna hii halijionyeshi katika dakika ya kwanza.

Kwa wale wa kompresere, ulizeni kitu kimoja zaidi: klape isiyoruhusu hewa kurudi nyuma, imerudishwa? Ile ndiyo inayomlinda mzamiaji siku mpira unakatika juu. Bila klape ile, mpira unageuka kuwa mdomo unaomnyonya mtu hewa ya kifuani. Ni kipande kidogo, na kinasahaulika kwa urahisi wakati wa kusafisha. Angalieni pia kompresere inavuta hewa yake wapi. Kama inavuta karibu na moshi wa motere, detandere nzuri kuliko zote itamletea mtu sumu isiyo na harufu.

Mwisho, shuka mahali maji yanafika kifuani, na mwenzako akiwa kando, ukae robo saa ukipumua. Baada ya hapo mita chache. Kina kirefu ni cha siku nyingine. Kwa mita 10 chini ya maji presio ni mara mbili ya ile ya juu, na kila pumzi inataka hewa mara mbili. Chombo kilichotosha ukingoni kinaweza kisitoshe chini. Na kama kinakusumbua ukiwa chini, panda ukitoa pumzi polepole njia yote, usiizuie kifuani, kwa maana hewa iliyobanwa inapanuka wakati wa kupanda na kupasua mapafu.

Ukikuta kosa, usichukue turnevisi ukaanza kukaza mwenyewe, na usipake mafuta ya motere. Andika ulichoona: kinavuja wakati gani, kwa presio gani, kikiwa kimegeukia upande gani. Mrudishie fundi yule yule pamoja na karatasi yake. Tunajua kwetu kurudisha kazi kwa fundi kunaonekana kama kumtukana. Lakini fundi aliyeambiwa vizuri anaona kosa lake haraka, na anajifunza. Yule anayekasirika na kukataa kupima mbele yako, usimpelekee tena pumzi ya mtoto wa mtu.

Sasa, nani analipa? Hapa ndipo sisi wa sendika tunataka kusikika. PDG anahesabu hivi: nimelipa fundi, nimelipa pikipiki, siku mbili dragi imelala, leo lazima mchanga utoke. Hesabu yake tunaielewa. Lakini mzamiaji halipwi kwa siku, anapata sehemu ya kile kilichotoka. Akisema "nataka kupima kwanza", anapoteza sehemu yake, na mwingine mwenye njaa zaidi anashuka badala yake. Ndivyo gharama ya kupima inavyoangukia mtu asiye na kitu, wakati chombo si chake na faida kubwa si yake.

Tunaambiwa pia: hawa ni wachimbaji wa mikono, hawana kontra, Kodi ya Kazi haiwahusu. Tunajibu: Kodi ya Kazi ya tarehe 16 Oktoba 2002 inamtaka mwenye kutumikisha watu alinde afya na usalama wao. Mtu anayeamua nani ashuke, saa ngapi, na kwa chombo gani, asijifiche nyuma ya karatasi isiyoandikwa. Hata kama mahakama iko mbali, koperative iko karibu, na inaweza kuweka sheria yake leo.

Tunaomba koperative zikubali mambo manne. Atakayepumua ndiye apime, na neno lake likisema hapana ni hapana, bila kufukuzwa. Siku ya kupima alipwe sehemu ya wastani, kama siku nyingine. Kurudisha chombo kwa fundi ni juu ya mwenye chombo, hata kama ni mara tatu. Na kila chombo kiwe na kaye yake, inayokaa pamoja nacho, sio nyumbani kwa PDG. SAEMAPE, ambayo kazi yake ni kusaidia wachimbaji wadogo, ije kusoma kaye zile, isije tu siku ya kukusanya malipo.

Na msiseme haya ni ya mtoni peke yake. Hapa kwetu, sheria ya mine ya mwaka 2018 inasema mchimbaji wa mikono asipite mita 30, lakini hata kabla ya kufika hapo hewa inakuwa nzito, na tunateremsha hewa kwa mashine na tiyo. Mashine ile ikitoka kwa fundi, iwake saa nzima juu, tiyo ipimwe mwisho wake kwa mkono, moshi uangaliwe unakwenda upande gani, ndipo mtu ashuke. Kaye ni ile ile, haki ni ile ile.

Mama, kijana wako akipiga simu kutoka huko na kusema chombo kimerudi kutoka kwa fundi, usimwulize tu kama wamepata mali. Mwulize: umekipima wewe mwenyewe? Na akisema PDG amekataa, tuletee habari kwenye ofisi ya sendika. Tutampigia simu yule PDG kabla kijana hajashuka.