Ngozi Hailishwi Rangi

Liko kosa moja katika mavazi ya watu wenye elimu ambalo halionekani kwa sababu linang'aa. Kosa hilo ni kudhani kwamba kiatu kilichopakwa rangi ni kiatu kilichotunzwa. Katika Misungwi, ambako njia za mashamba ni ndefu na mvua huanza karibu na Oktoba zikafika hadi Mei, kosa hili ni la gharama. Afisa wa kilimo, mpima ardhi, mwalimu wa shule ya kijijini na mwanafunzi wa chuo cha Ukiriguru hununua mabuti ya ngozi kwa shida, huyang'arisha kila asubuhi, na aghalabu huyatupa yamepasuka kabla soli hazijaisha. Kisha lawama yote hutwikwa mvua. Mvua haina hatia katika shauri hili, na hukumu iliyotolewa juu yake yapasa kutenguliwa.

Shahidi wa kwanza ni ngozi yenyewe. Ngozi ya ng'ombe ni nyuzi nyembamba zisizohesabika, zilizosukana huku na huku. Mwenye kudabaghi huzitia dawa ya magome ya miti au chumvi ya kromu ili zisioze, kisha huzitia mafuta ili ziteleze zinapokunjwa. Uhai wa buti umo katika mafuta hayo. Maji yakiingia na kutoka mara kwa mara, huondoka na sehemu ya mafuta; nyuzi zikikauka hushikamana; na buti likunjikapo penye vidole, nyuzi hukatika badala ya kuteleza. Hivyo ndivyo ufa unavyozaliwa. Kiwi ya kopo ina nta kidogo, nayo huusaidia uso. Lakini haishuki ndani penye njaa, wala haizibi mshono upitishao maji. Kumpaka rangi mwenye njaa si kumlisha.

Shahidi wa pili ni ardhi. Nchi ya Usukuma huteremka kwa daraja: juu yapo majabali ya itale, chini yake mchanga mwepesi uitwao luseni, na bondeni udongo mweusi wa mbuga. Mpangilio wa namna hii ndio ambao G. Milne, mtaalamu wa udongo aliyekuwa Amani, aliupa jina la katena katika miaka ya 1930. Wanafunzi wa kilimo huusoma vitabuni. Mabuti yao huusoma njiani. Mchanga wa luseni huingia katika mshono na kuukereza uzi kidogo kidogo kama msumeno. Udongo wa mbuga hugandamana na ngozi, na ukaukapo juu yake huinyonya unyevu na mafuta. Anayerudi jioni akaacha tope likauke mpaka asubuhi, kisha akalibandua na kupaka kiwi, amefunika jeraha kwa hariri.

Mwenye kosa la pili ni moto. Buti lililolowa huwekwa kando ya jiko la mkaa, na mwenyewe hulala kwa furaha kwamba amefanya hekima. Ngozi iliyodabaghiwa kwa magome, ikiwa imejaa maji, huanza kusinyaa kwa joto lisilofikia lile la maji yachemkayo. Ngozi ya kromu hustahimili zaidi, lakini mafuta yake nayo huhama, na gundi ya soli hulegea. Asubuhi buti limekauka, ni kweli. Limekauka kama mzoga. Dawa ya unyevu ni kivuli, upepo na subira: tope lioshwe kwa maji na kitambaa, kamba zifunguliwe, ulimi wa kiatu utolewe nje, soli ya ndani itolewe ikitoka, na magazeti makavu yatiwe ndani na kubadilishwa yakilowa. Kazi hiyo haina gharama ila uvumilivu.

Watetezi wa desturi ya sasa wana hoja, na ni haki zisikilizwe. Wa kwanza husema: buti la mpira ni rahisi, halina haja ya matunzo, na maji hayapiti. Katika jaruba la mpunga hoja hiyo ni sahihi, na hapana mwenye akili ataingiza ngozi humo. Lakini mpira uzuiao maji kuingia huzuia na jasho kutoka. Kwa mwendo wa siku nzima, mguu hulowa kutoka ndani, na malengelenge huwa ndiyo malipo ya urahisi huo.

Wa pili husema: dawa nzuri za ngozi ni za kigeni, nazo ni ghali. Hoja hii ni ya aibu katika nchi ya wafugaji. Tabora ina sifa ya asali na nta tangu zamani, nayo haiko mbali na Usukuma. Na shahamu ya ng'ombe haikosekani penye bucha. Shahamu iyeyushwe, ichujwe kwa kitambaa safi, ichanganywe na nta, sehemu moja ya nta kwa mbili za shahamu, ndani ya chombo kilichowekwa katika maji ya moto, si juu ya moto wenyewe. Nta huyeyuka kwa joto la digrii 62 hadi 65 hivi, kwa hiyo maji yasiyochemka yatosha. Mchanganyiko ukipoa kiasi cha kushikika, upakwe mwembamba juu ya ngozi safi iliyokaribia kukauka, ukianzia kwenye mishono na mahali ulimi unapoungana na buti. Asubuhi ziada ifutwe. Ikiachwa, itavunda na kuwaalika panya na mende. Ikizidishwa, italegeza ngozi mpaka buti lipoteze umbo. Mafuta ya kupikia hayafai, kwa maana huvunda na hayana nta ya kuzuia maji. Ngozi yenye uso wa mahameli nayo ina sheria yake, kwa kuwa mchanganyiko huu huulaza uso huo na kuutia weusi.

Wala si elimu ya kigeni. Mafundi wa vyombo vya pwani hutia kalafati penye viungo vya mbao, hupaka sifa ubavuni na deheni ya shahamu na chokaa tumboni mwa jahazi. Walijua tangu zamani kwamba maji huanzia penye kiungo, na kwamba mafuta ni ngao. Buti ni chombo kidogo cha nchi kavu. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na asiyeziba mshono atanunua jozi nyingine.

Wa tatu hasemi kwa sauti, lakini dharau yake yasikika: kwamba hii ni kazi ya fundi viatu wa barazani, si ya msomi. Ukiriguru, penye kituo cha utafiti tangu miaka ya 1930, ndipo zilipotoka mbegu za pamba zenye jina la UK. Huko uzi wa pamba huchunguzwa kwa makini. Ni ajabu kwamba mtu achunguzaye uzi wa pamba mezani hauoni uzi wa ngozi ukikatika mguuni pake.

Dharau hiyo si ndogo, kwa kuwa imekwisha kuligharimu taifa. Katika miaka ya 1970 kiwanda cha viatu kilijengwa Morogoro kwa mkopo wa Benki ya Dunia, kwa tamaa ya kutoa jozi milioni 4 kwa mwaka, nyingi zikiwa za kuuzwa Ulaya. Hakikuwahi kuvuka asilimia chache za uwezo huo, na hatimaye kilifungwa. Mitambo iliharibika, vipuri vilikosekana, na jengo lenyewe halikulingana na hali ya hewa. Viwanda vya umma vya kudabaghi, kile cha Mwanza kikiwamo, navyo vilitoka mikononi mwa serikali. Sababu zilikuwa nyingi, lakini mojawapo yafanana na ya buti: yalipendwa mang'aro ya siku ya kufunguliwa kuliko matunzo ya siku zilizofuata.

Buti la mtumba huja bila karatasi ya maelezo, na lile jipya aghalabu huja na karatasi ya lugha ya kigeni. Lakini Kiswahili kina ngozi, nta, shahamu, mshono, deheni na kalafati. Hakikupungukiwa na neno hata moja la kazi hii. Kilichopungua ni mwenye elimu wa kuinama. Naye asipoinama kwa hiari kulifungua buti lake jioni, atainama kwa lazima njiani, kuokota soli iliyobanduka.