Mgeni Katika Mahindi ya Mama



Mwezi huu tunayo barua ya mama mmoja wa Ngana, wilayani Kyela. Anasema aliwakuta viwavi asiowajua katika mahindi machanga yaliyo nyuma ya jiko lake. Aliwachukua wanne akawafungia katika kisanduku cha kiberiti ili mume wake awaone. Asubuhi akamkuta mmoja tu, mnene, na mabaki ya wenzake. Jirani amempa sumu ya kakao iliyobaki, ikiwa ndani ya chupa ya soda. Mama anauliza: huyu ni mdudu gani, na je, apulize?

Mama yetu, tuanze na chupa. Usipulize. Sumu isiyo na maelezo yake hujui kipimo chake wala siku za kungoja kabla ya kuvuna, nawe umetuambia kwamba katika mahindi hayo hayo ndimo unamochuma majani ya maboga ya watoto. Tena mtoto akiona chupa ya soda atainywa. Ifiche mbali nao leo hii, usiimwage mtaroni wala mtoni, na umwulize Bwana Shamba jinsi ya kuiteketeza.

Sasa mdudu. Wengi humdhania kuwa funza wa mabua, au viwavijeshi wale wa zamani wanaotembea kwa makundi. Tunavyomwona sisi, huyu ni kiwavijeshi vamizi. Kwao ni Amerika. Afrika alitambuliwa mwaka 2016, na Tanzania mwaka 2017. Kiberiti chako ndicho kilichotushtua, kwa sababu hula wenzake. Ndiyo maana ndani ya mhindi mmoja mara nyingi humkuti mkubwa zaidi ya mmoja. Ili uwe na hakika, mtazame kwenye mwanga. Usoni ana alama nyeupe kama herufi Y iliyopinduliwa. Karibu na mkia ana madoa manne meusi yaliyokaa kama miguu ya meza. Ukiziona alama zote mbili, ndiye.

Mchana hujificha katikati ya majani machanga, na kinyesi chake huonekana pale kama unga wa mbao. Kwa shamba dogo kama lako, mikono inatosha. Pita asubuhi na mapema mara mbili kwa juma, uwatoe kwa kijiti na kuyaponda mayai, ambayo hukaa kwenye jani kwa fungu lililofunikwa manyoya kama pamba. Usiyadharau, maana nondo mmoja aweza kutaga zaidi ya mayai 1,000. Wakulima wadogo wa Amerika ya Kati hutia majivu au mchanga pale katikati ya mmea, nawe majivu hukosi jikoni.

Usipoweza kuwamaliza, mwite Bwana Shamba wangali wadogo. Wakiisha kuingia kwenye gunzi, hata dawa iliyo halali haiwafikii vizuri.

Na yule wa kwenye kiberiti, wape kuku.