Intaneti ya Muziki Nyumbani: Pa Kutafutia Tutaandika Nini?

Nyumba tunayopanga wanafunzi wanne, si mbali na reli, imegawanyika tangu mwezi uliopita. Wawili wanataka tuchange pesa tununue antena ya setilaiti, muziki uimbe usiku na mchana bila mtu kuhesabu mega. Mmoja anasema modemu ya laini ya simu inatosha. Imebaki kura yangu, na nimechelewa kuipiga kwa sababu ya mama yangu mdogo.

Kwanza hesabu, maana nusu ya ugomvi wetu ulitokana na kutozifanya. Wimbo wa dakika 4 ukisikilizwa kwa kilobiti 96 kwa sekunde unakula karibu mega 3. Ukipandisha ubora hadi 320, wimbo uleule unakula karibu mega 10. Kwa saa nzima ni mega 43 kwa ubora wa chini na mega 144 kwa ule wa juu. Kwenye spika yetu iliyopasuka upande mmoja, sidhani kuna anayesikia tofauti. Na anayelia kila siku kwamba mega zimeisha mara nyingi hasikilizi muziki mtupu. Ameacha video inacheza, simu iko mfukoni.

Antena nayo ina masharti. Inataka kuona anga wazi, na uani kwetu kuna miembe miwili ambayo mwenye nyumba hatakubali iguswe. Tena inakula umeme muda wote inapofanya kazi. Hata ile ndogo ya Starlink inahitaji wati 25 hadi 40 hivi, na tukiiwasha saa 5 kila jioni, tunaitoza batri ileile inayowasha taa na kuchaji simu nne. Kwa upande wa sheria njia imefunguka: ARPTC, iliyoikataza Starlink mwezi wa 3 mwaka 2024, ilitangaza kuipa leseni mwezi wa 5 mwaka 2025. Kwa hiyo inawezekana, sibishi.

Ninachobishia ni neno moja la wenzangu: kwamba tukishaweka intaneti, kadi zetu za memori tutazitupa.

Mama mdogo anauza ndagala sokoni. Kwao ni upande wa Moba. Siku moja alipokuwa anashuka mtumbwini, simu yake ilitumbukia ziwani pamoja na kadi iliyokuwa ndani. Akaniomba jambo dogo: nimtafutie "kwenye hiyo intaneti yenu" wimbo wa Kitabwa ambao wanawake wa kwao waliuimba wakitwanga, na ambao kijana mmoja aliurekodi kwa simu kwenye arusi. Nilikaa naye jioni nzima. Niliandika maneno aliyoyakumbuka. Nikageuza c kuwa ch, nikageuza ch kuwa tsh, kama mkono uliozoea Kifaransa unavyoandika. Nikajaribu Kiswahili: mtoto, kisha mutoto. Kwa mtoto nikapewa nyimbo za Dar es Salaam; kwa mutoto nikaulizwa kama nimekosea kuandika.

"Mwanangu," mama mdogo akaniambia, "sasa hiyo mashine haijui Moba?"

Mashine hiyo husoma maandishi yaliyofungwa kwenye wimbo: jina la wimbo, jina la mwimbaji, pengine lugha na mwaka. Wimbo ambao haukuandikiwa chochote, au haukupandishwa na mtu, hautapatikana hata ukiwa na antena mbili juu ya bati. Baadaye nakala ya ule wimbo ilipatikana kwa binamu yake, kwenye flashi. Jina lake lilikuwa "Piste 07". Ndani ya flashi hiyohiyo kulikuwa na Piste 07 tatu.

Hapo ndipo modemu inapoingia katika kazi ya kitivo chetu cha lugha. Mwaka 1952 Hugh Tracey alifika Jadotville, Likasi ya leo, akamrekodi Mwenda Jean Bosco na gitaa lake. Tracey alikuwa na desturi ya kuandika: nani anaimba, kwa lugha gani, wapi, wimbo unasema nini. Mwaka 1954 alianzisha maktaba ya muziki wa Afrika huko Afrika Kusini. Leo ukitafuta Mwenda, hata ukiligeuza jina lake mbele nyuma, unampata. Vidole vyake ni sababu moja, karatasi za Tracey ni sababu nyingine. Na Kitabwa hakikukosa wino: Padri Auguste Van Acker alichapisha kamusi yake mwaka 1907. Lugha yenye kamusi ya zaidi ya miaka 100 inakosa jina la wimbo mmoja, na sisi tunaosomea lugha tumekaa tunagombania antena.

Nitaambiwa kwamba vijana wanaotuwekea miziki kwenye flashi kwa faranga chache hawawalipi wanamuziki. Ni kweli, na kwa hilo siwatetei. Lakini nyimbo za Kitabwa, za Kiholoholo na za Kiluba nilizowahi kuzisikia hapa mjini, nyingi nilizisikia kwenye flashi zao. Tukizitupa leo, kesho tutamwomba nani?

Basi kura yangu ni modemu na ubora wa 96, najua italeta sare nyumbani, na pesa itakayobaki inunue diski ya kuhifadhia. Laini hiyo inapokea na inapeleka. Wenzangu wamepigia hesabu kupokea tu. Kila Jumamosi mmoja wetu alete flashi ya kwao. Tusikilize, tuandike jina, mwimbaji, kijiji na lugha, kwa tahajia zote ambazo mtu anaweza kuzijaribu. Waimbaji wakikubali, tupandishe usiku. Wakikataa, wimbo ubaki kwenye diski na jina lake.

Piste 07 tumeshaianza. Mama mdogo anasema jina la wimbo ni maneno yake ya kwanza. Binamu yake anasema hapana, kwao unaitwa kwa jina la mwanamke aliyeutunga. Hawajasikilizana bado, kwa hiyo tumeandika yote mawili.