Dowlish Wake na mtu aliyesahaulika

Ndugu mwandishi, asante kwa kututembeza Somerset. Lile daraja jembamba la mawe, la farasi wa mizigo, umelieleza vizuri sana. Ila kaburi la mpelelezi John Hanning Speke katika kanisa la Mtakatifu Andrea umelipitia kwa mstari mmoja, na kwetu sisi wa Mwanza hapo ndipo penye habari yenyewe. Nilipokuwa nasoma Uingereza nilikwenda kijijini Dowlish Wake makusudi, nikasimama mbele ya sanamu yake kwa muda mrefu. Alizikwa kanisani humo mwaka 1864, baada ya kuuawa na risasi ya bunduki yake mwenyewe akiwa mawindoni, siku moja kabla ya mdahalo wake na mpelelezi mwenzake Burton mjini Bath. Mpelelezi Livingstone alihudhuria mazishi.

Na wewe mchangiaji wa hapo juu unayesema Speke alilifikia Ziwa Victoria, ziwa letu, peke yake, hapana jamani. Tarehe 3 Agosti 1858 alikuwa na Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyeuzwa utumwani angali mtoto, akapelekwa India, kisha akarejea Zanzibar. Walielewana kwa Kihindustani! Bombay alirudi naye tena safari ya 1860, baadaye akawaongoza wapelelezi wengine: akamwongoza Stanley, akavuka bara zima na Cameron, na mwaka 1876 Jumuiya ya Kifalme ya Jiografia ya London ikampa medali ya fedha. Mwandishi, nakuomba umtaje Bombay katika aya hiyohiyo ya kaburi, tena kwa jina lake kamili.