Machozi ya Senema

Watu wa Malindi ni wapenzi wa senema za Kihindi tangu zama za wazee wetu. Si ajabu. Bahari ilituunganisha na Bara Hindi kabla senema haijabuniwa. Vasco da Gama alipofika hapa mwaka 1498 alipewa rubani wa kumvusha mpaka Calicut, kwa kuwa njia hiyo ilikuwa ikijulikana tayari na mabaharia wa bandari hii. Leo kijana wa Muyeye asiyejua maneno matatu ya Kihindi aweza kukusimulia senema nzima, nani alilia na kwa sababu gani. Sina ugomvi na mapenzi hayo, maana nami ni mmoja wa wapenzi. Ugomvi wangu ni juu ya machozi tunayoyamwaga mbele ya senema, na upesi wa kukauka kwake tukiisha toka nje.

Chukua senema iitwayo Iqbal, iliyoongozwa na Nagesh Kukunoor mwaka 2005. Ni kisa cha kijana kiziwi, asiyesema, mwana wa mkulima maskini. Kazi yake ni kuchunga nyati wa kufugwa, na ndoto yake ni kurusha mpira wa kriketi kwa ajili ya taifa lake. Baba hataki kusikia habari za mchezo. Amtaka mwanawe shambani. Kijana hujifunza malishoni peke yake, na nyati wake amewapa majina ya wachezaji mashuhuri. Mwisho wa kisa anashinda, na watazamaji wanafuta macho.

Niliitazama senema hiyo pamoja na majirani. Ilipokwisha, mmoja wao alisema kwa fahari, "Mwaona? Penye nia pana njia." Wote wakaitikia. Mimi sikuitikia, na tangu siku ile nimekuwa nikitafuta maneno ya kumjibu.

Jibu langu ni hili: hakuitazama senema, aliutazama mwisho wake tu. Nia Iqbal alikuwa nayo tangu mwanzo, na njia haikuwapo. Nia ilimfikisha malishoni tu, akirusha mpira mbele ya wanyama. Aliyemtoa pale ni Khadija, dada yake mdogo, aliyezijua ishara za mikono yake akawa ulimi wake mbele ya watu wakubwa wasiotaka kujisumbua. Alipopata nafasi katika chuo cha mchezo, alifukuzwa kwa sababu ya mwana wa tajiri. Je, siku ile nia yake ilikuwa imepungua? Aliyemwinua tena ni Mohit, mchezaji wa zamani aliyekuwa mlevi wa kijiji, ambaye hakuna mzazi angependa awe mwalimu wa mwanawe. Mwondoe dada, mwondoe mlevi yule, kisha uniambie nia ya Iqbal ingezaa nini. Ingezaa mchunga nyati hodari wa kurusha mawe.

Ninajua nitaambiwa kwamba senema ni hadithi tu. Basi tuiache, tutazame mtu wa nchi yetu. Henry Wanyoike alizaliwa Kikuyu mwaka 1974, katika nyumba ya watu wasio na mali, na alikuwa mkimbiaji mwenye macho mazima. Mwaka 1995 alipatwa na kiharusi, akapoteza uwezo wa kuona. Wazee husema hujafa hujaumbika. Yeye alikuwa kijana wa miaka 20 hivi alipoumbwa upya. Miaka mitano baadaye, mwaka 2000, alisimama Sydney katika mashindano ya dunia ya wenye ulemavu, mbio za mita 5,000, mkononi ameshika kamba fupi. Upande wa pili wa kamba palikuwa na mtu mwenye macho, wa kumwongoza.

Katika mbio hizo nguvu za kiongozi zilikwisha karibu na mwisho. Kipofu akawa ndiye amvutaye mwenye macho, na wakafika, akapata dhahabu. Kisa hiki husimuliwa sana kuonyesha ushujaa wake, na ni haki yake kusifiwa. Lakini kwa nini alimvuta? Kwa nini asiiachie kamba akimbie? Kwa sababu kipofu hawezi kuona mahali mbio zinapoishia, na wale wawili huhesabiwa kuwa mkimbiaji mmoja. Mwaka 2004 kule Athens alishinda mita 5,000 na mita 10,000, akiongozwa na Joseph Kibunja, rafiki yake wa tangu utoto. Rafiki huyo alilazimika kujizoeza kukimbia kwa kasi ya bingwa wa dunia, hali akijua kwamba sheria inamkataza kuuvuka mstari mbele ya mwenziwe. Juu ya mtu kama huyo sijaona senema bado.

Tena kuna dhuluma nyingine ndani ya sifa hizi. Tukimpenda mwenye ulemavu kwa sababu ameleta dhahabu, tumempenda yeye au dhahabu? Mhindi Murlikant Petkar alijeruhiwa kwa risasi katika vita vya 1965, na mwaka 1972 akashinda kuogelea mita 50 katika michezo ya Heidelberg, michezo ileile ambayo Kenya ilishiriki kwa mara ya kwanza. Heshima ya taifa iitwayo Padma Shri alipewa mwaka 2018, na senema ya maisha yake, Chandu Champion, ikatoka mwaka 2024. Kama bingwa amengoja miaka 46, yule asiyeweza kuogelea atangoja mingapi?

Huenda kijana asomaye haya akasema kwamba ninawavunja moyo wenye ulemavu kwa kuwapunguzia sifa ya juhudi zao. La. Juhudi wanayo, na aghalabu kuliko sisi. Ninayemtaka avunjike moyo ni mwenye viungo vizima akaaye kitako na kumwambia kiziwi, "Jitahidi." Neno hilo ni rahisi mno kinywani. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 54, haimwambii mwenye ulemavu ajitahidi. Inasema ana haki ya kutendewa kwa heshima, ya kufika mahali pa watu wote, na ya kutumia lugha ya ishara. Haki ya mtu mmoja ni kazi ya mtu mwingine, na kazi hiyo ndiyo tunayoikimbia.

Nisijitoe katika lawama. Katika chuo cha ualimu nilisoma elimu ya watoto wenye ulemavu, nikafaulu mtihani wake vizuri, nikatoka bila kujua ishara kumi za mikono. Katika mwaka wangu wa kwanza wa kazi nilikuwa na mwanafunzi kiziwi. Nilimketisha nyuma, na katika ripoti yake nikaandika "ana bidii", kwa maana sikuwa na jambo jingine nilijualo juu yake. Alikuwa na mbio za ajabu. Jioni alikuwa akikimbia ufukweni na hakuna aliyemkaribia. Siku ya michezo mashindano yalianzishwa kwa filimbi. Yeye aliinama mstarini akitazama miguu ya wenzake, na ilipoondoka ndipo naye akaondoka. Alikuwa wa nne. Nilimpigapiga begani nikamwonyesha kwa kidole changu kwamba ajitahidi zaidi mwaka ujao.

Mwaka uliofuata hakurudi shuleni. Miaka mingi baadaye nilikuja kujua kwamba katika michezo ya viziwi duniani mbio huanzishwa kwa taa. Sisi taa hatukuwa nayo, lakini kitambaa cheupe kingetosha, kikiinuliwa juu na kushushwa pamoja na filimbi. Nilikuwa nacho mfukoni siku ile. Nilikitumia kufutia jasho.