Wimbi Lisilo la Bahari

Sisi watu wa pwani tukisikia wimbi, hufikiri bahari. Kisii na Nyamira wimbi ni chakula: unga wake husongwa sima, wao huiita obokima, ikaliwa kwa chinsaga, ambayo ni mgagani huu huu tunaoung'oa uani kama gugu.

Punje ya wimbi ni ndogo mno, kuikoboa ni taabu. Basi husagwa pamoja na ganda lake. Faida imo humo gandani. Utumbo mwembamba hauliwezi. Hushuka hadi utumbo mpana, wenye vijidudu wasiohesabika. Hao hulichachusha, wakatoa asidi zinazolisha ukuta wa utumbo wenyewe, na choo kikawa laini. Unga mweupe wa mahamri yetu, kinyume chake, hufyonzwa juu kwa juu ukaingia damuni kuwa sukari. Vijidudu wale huambulia kidogo.

Mtume (s.a.w.) alitufunza theluthi ya tumbo iwe ya chakula. Hadithi hiyo twaijua sana, na mahamri ya saba twayatia mkononi!

Wala sioni haki ya kukiita chakula cha Wagusii cha kishamba, ilhali wagonjwa wa sukari tunao kila mtaa. Wimbi Kongowea lauzwa. Mgagani hata haununuliwi.