MAONI: Mama, si lazima ujifungue ukiwa umelala chali



Kuna jambo akina mama hunong'onezana kwenye foleni ya maji, lakini hawalisemi mbele ya mkunga: "Kule watakulaza chali, miguu juu, kila mtu akuone." Kwa hofu hiyo wengine hubaki nyumbani mpaka mtoto anatoka. Huenda yote yakaenda salama. Lakini mama akitokwa na damu nyingi baada ya kuzaa, nyumbani hakuna sindano ya kukaza mfuko wa uzazi, na damu inaweza kumwua kwa saa chache tu.

Mimi ni mkunga, na maoni yangu ni haya: kitanda kisiwe sababu ya mama kukimbia huduma.

Bibi zetu walizaa wakiwa wamechuchumaa au wamepiga magoti, wala hawakukosea. Mama mjamzito akilala chali, uzito wa mfuko wa uzazi hukandamiza mishipa mikubwa ya damu iliyo karibu na uti wa mgongo. Anaweza kupata kizunguzungu, na damu inayomfikia mtoto ikapungua. Akiwa wima, uzito wa mtoto mwenyewe husaidia kumteremsha. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilipendekeza kwamba mama asiye na matatizo ahimizwe kutembea wakati wa uchungu, na wakati wa kusukuma achague mwenyewe namna ya kukaa.

Kwa hiyo ukifika, sema mapema kabla uchungu haujakolea: "Mama mkunga, ningependa kupiga magoti," au "Nilale kwa ubavu." Kama lugha ni shida, onyesha kwa mwili, au anayekusindikiza akusemee. Omba kanga ya kujifunika. Huo si ukaidi.

Nawe pia uwe tayari kubadilika. Tunaweza kukuomba ulale ili tupime njia, tushone palipochanika, au tumsaidie mtoto aliyekwama. Uliza sababu, ukielezwa, kubali haraka. Tena, mama anayezaa akiwa wima damu inayomtoka huweza kuongezeka kidogo. Ndiyo maana nasema uchuchumae mbele ya mkunga, si peke yako nyumbani.

Nanyi wakunga wenzangu, tuseme kweli: tumezoea kitanda kwa sababu kinaturahisishia kazi sisi. Tutandike kitu safi sakafuni, tuvute pazia, tumwulize mama anapenda kukaaje kabla ya kumwamuru. Mama aliyeheshimiwa leo atamleta jirani yake kesho. Aliyeaibishwa atawaambia kumi wasije.

Mama, uchungu ukianza usingoje. Njoo mapema, mchana au usiku, na useme unavyotaka.